Draiva Ipi ya Sauti Inafaa kwa Kurekodi Muziki kwenye Kompyuta?

Msomaji wetu wa Tanga ameuliza hivi: "Shikamoo mtaalamu. Ninarekodi waimbaji wa kwaya na gitaa nyumbani kwa laptopu ya Windows, intafesi ya USB yenye njia mbili, maiki moja ya kondensa na programu ya Reaper. Mwimbaji akivaa hedifoni analalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, na gitaa nililolirekodi juu ya biti linaburuta nyuma. Nikifungua mipangilio ya kifaa cha sauti naona WaveOut, DirectSound, WDM, WASAPI na ASIO. Rafiki mmoja ananiambia niweke ASIO4ALL na matatizo yote yataisha. Mwingine anasema laptopu imezeeka, ninunue nyingine. Nichague draiva ipi, na je, draiva bora itaifanya sauti yangu iwe safi zaidi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hilo la fedha: usinunue laptopu nyingine kwa sababu hii, maana dalili ulizozitaja si za kompyuta iliyochoka. Kompyuta iliyolemewa na kazi huifanya sauti ikwaruze, ikatike, au itoe milio midogo kama mbegu zinazopasuka kikaangoni. Kwako sauti inafika nzima, ila inafika imechelewa, na kuchelewa huko kunatokana na njia inayopita tangu mdomoni mwa mwimbaji hadi masikioni mwake. Chagua draiva ya ASIO iliyotengenezwa na kampuni ileile iliyotengeneza intafesi yako, yaani kile kiboksi unachochomekea maiki na gitaa, ipakue kutoka tovuti ya kampuni hiyo na si kutoka mahali pengine popote, na ASIO4ALL iwe akiba ya siku ambayo draiva ya namna hiyo haipo kabisa. Naomba unifuatilie katika maelezo, kwa sababu ukiijua sababu yake utaweza kujiamulia hata pale utakapokutana na kompyuta nyingine au intafesi nyingine.

Draiva ya sauti ni programu ndogo inayokaa kati ya intafesi na programu yako ya kurekodia. Intafesi hupima mawimbi ya sauti mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Sampuli hizo hazipelekwi kwa kompyuta mojamoja. Hukusanywa kwanza katika fungu liitwalo bafa, na fungu likijaa ndipo hukabidhiwa. Mfikirie mtu anayechota maji bombani kumpelekea mwenzake anayeosha vyombo uani. Akitumia ndoo kubwa, safari zinakuwa chache na hachoki, lakini mwoshaji husubiri mpaka ndoo ijae. Akitumia kikombe, maji yanafika upesi, lakini safari ni nyingi mno, na akisimamishwa njiani mara moja tu na mtu wa kumsalimu, mwoshaji hubaki mikono mitupu. Kule kubaki mikono mitupu ndiko kukwaruza unakokusikia kwenye sauti.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawa idadi ya sampuli za bafa kwa kasi ya upimaji. Bafa ya sampuli 128 katika kasi ya 44,100 ni milisekunde 2.9, bafa ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, na ya 1,024 ni 23.2. Kumbuka kwamba sauti husubiri bafa mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na juu yake huongezeka muda wa intafesi kugeuza umeme kuwa namba na namba kuwa umeme, pamoja na akiba ndogo ya usalama ambayo draiva nyingi za USB hujiwekea bila kuionyesha. Kwa hiyo bafa ya 128, ambayo kwenye karatasi ni milisekunde 6 hivi kwa kwenda na kurudi, katika hali halisi mara nyingi hukaribia milisekunde 10.

Je, milisekunde 10 ni nyingi? Sauti husafiri hewani takribani mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa milisekunde moja. Mpiga gitaa anayesikia sauti yake baada ya milisekunde 10 ni sawa na mtu aliyeketi mita tatu na nusu kutoka kwenye spika yake, na hilo wapiga gitaa wamelizoea jukwaani. Mwimbaji ana shida zaidi. Yeye hujisikia kwa njia mbili kwa pamoja: kupitia mifupa ya kichwa chake, isiyochelewa hata kidogo, na kupitia hedifoni. Tofauti ya milisekunde chache tu kati ya njia hizo hulifanya sikio lisikie sauti iliyotoboka, kama ya mtu anayeimbia ndani ya pipa. Ikizidi milisekunde 20 au 30 huanza kuwa mwangwi, na mwimbaji bila kujua hupunguza mwendo ili ausubiri mwangwi huo. Miaka yangu ya kwanza niliwahi kumrudisha dada mmoja wa sauti ya kwanza mara saba kwenye ubeti uleule, nikimwambia kwamba anaburuta. Alikuwa akiimba sawasawa na alichokisikia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwekea bafa ya 2,048. Tangu siku hiyo, mwimbaji akiniambia kuna kitu hakiendi sawa kwenye hedifoni, huwa nagusa mipangilio yangu kabla ya kumgusa yeye.

Sasa twende kwenye orodha yako. WaveOut katika Reaper ni njia ileile ambayo programu nyingine huiita MME, na ni kongwe kuliko zote, kwani ilianza mwaka 1991 enzi za Windows 3. Ilibuniwa ili kompyuta itoe mlio na kucheza faili, na haikukusudiwa kumrudishia mwimbaji sauti yake papo hapo. Kuchelewa kwake hufika kwa urahisi milisekunde 100 na zaidi. DirectSound ilikuja mwaka 1995 kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Ilikuwa na maana wakati wake, lakini katika Windows za leo hupitia mtambo uleule wa kuchanganya sauti za mfumo, kwa hiyo kwa kurekodi haikupi faida yoyote ya kukufanya uichague. Hizo mbili ziache.

WASAPI ilikuja na Windows Vista mwaka 2007, nayo inastahili heshima zaidi, mradi ujue kwamba ina sura mbili. Katika sura ya kushirikiana, sauti ya Reaper huchanganywa na sauti za kivinjari, arifa na kila kitu kingine kilichofunguliwa, kisha zote hugeuzwa ziende kwa kasi moja iliyowekwa katika mipangilio ya Windows. Katika sura ya kipekee, Reaper huimiliki intafesi peke yake, hakuna kuchanganya wala kugeuza, na kuchelewa hupungua sana. Mtu asiye na draiva ya ASIO ya kweli, au anayetumia maiki ya USB inayochomekwa moja kwa moja, ajaribu WASAPI ya kipekee kabla ya kuhangaika na kingine chochote. Ile uliyoiona ikiitwa WDM huenda chini zaidi, karibu na kiini cha Windows, na inaweza kuwa ya haraka sana, lakini huchagua vifaa: kwenye mashine moja hufanya kazi vizuri, kwenye nyingine hukataa kufunguka.

ASIO ilibuniwa na kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, watengenezaji wa programu ya kurekodia ya Cubase, mwaka 1997. Wazo lake lilikuwa kuuruka mtambo mzima wa sauti wa Windows, ili programu ya muziki izungumze na intafesi ana kwa ana, ijue hasa bafa ni ya ukubwa gani na sauti inachelewa kwa sampuli ngapi. Hilo la mwisho watu hulisahau, nami naliona lina uzito kuliko kasi yenyewe. Draiva nzuri ya ASIO huiambia Reaper, "Nimechelewa kwa sampuli kadhaa," na Reaper hukirudisha nyuma kipande ulichorekodi kwa kiasi hichohicho, kikae pale kilipopigwa. Gitaa lako linaburuta nyuma ya biti kwa sababu njia uliyotumia ama haitoi taarifa hiyo au inaitoa kwa makosa.

Kuhusu ASIO4ALL, rafiki yako hakukudanganya, ila hakumaliza maelezo. ASIO4ALL haijui chochote kuhusu intafesi yako. Ni mfasiri: upande mmoja inaongea ASIO na Reaper, upande wa pili inatumia ileile njia ya WDM ya Windows. Imewasaidia watu wengi mno, hasa wenye kadi ya sauti iliyomo ndani ya laptopu pekee, na wapo maprodyuza waliotengeneza nyimbo zao za kwanza kwayo. Lakini pale ambapo intafesi inayo draiva yake yenyewe, kuweka mfasiri kati ya watu wawili wanaoelewana ni kuongeza mahali pa kukosea. Taarifa yake ya kuchelewa si ya kutegemewa kama ile ya draiva ya mtengenezaji, na mara nyingi ikishaishika intafesi, programu nyingine zote hunyamaza, mpaka mtu anadhani spika zimeharibika. Draiva ya FL Studio ASIO inayokuja na programu ya muziki ya FL Studio, na ile inayoitwa Generic Low Latency ASIO Driver iliyokuwa ikija na matoleo ya awali ya Cubase, nazo ziko katika kundi hilihili la draiva za jumla. Tena angalia vizuri jina unalolichagua, kwa sababu laptopu nyingine huonyesha pia ASIO ya kadi yake ya ndani; ukiichagua hiyo, maiki yako iliyochomekwa kwenye intafesi haitasikika kamwe.

Zipo intafesi za bei nafuu ambazo mtengenezaji wake hatoi draiva yoyote ya ASIO, na mtu hulijua hilo baada ya kufungua boksi. Kama yako ni ya namna hiyo, linganisha WASAPI ya kipekee na ASIO4ALL kwa kipimo nitakachokueleza chini, ubaki na ile iliyotulia. Na siku utakaponunua nyingine, kabla ya kuuliza bei, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna draiva ya Windows yenye jina la modeli hiyo na kama imesasishwa katika miaka ya karibuni. Mimi ningechukua intafesi yenye maiki mbili na draiva inayotunzwa kuliko yenye maiki nane na draiva iliyotelekezwa. Mwenye Mac hana mzigo huu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa Core Audio imo ndani ya mfumo wenyewe na intafesi nyingi za USB hufanya kazi mara tu zinapochomekwa.

Umeuliza kama draiva bora itasafisha sauti. Hapana, na ni vizuri ulijue hilo mapema ili usitafute usafi mahali usipokuwapo. Usafi wa sauti uko kwenye maiki, kwenye chumba, kwenye mahali mwimbaji aliposimama na kwenye kiwango cha kuingiza sauti. Draiva hubeba namba tu. Zikifika zote, zimefika zilezile. Pana hali mbili zinazohitaji uangalifu. Ya kwanza ni ile sura ya kushirikiana ya WASAPI, pamoja na MME na DirectSound, ambapo Windows huweza kugeuza kasi ya upimaji au kuziwekea sauti "maboresho" yake bila kukuomba ruhusa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows uyazime. Ya pili ni kasi zisizolingana. Faili iliyopimwa kwa 44,100 ikichezwa kama vile ni ya 48,000 huenda haraka kwa karibu asilimia 9 na hupanda kwa takribani nusutoni moja na nusu, hivyo ukisikia kwaya yako imekuwa ya watoto, usimlaumu mtu, kagua kwanza kama intafesi na mradi wako wa Reaper ziko kwenye kasi moja.

Kwa upande wa mwimbaji wako, kuna suluhisho lisilohitaji draiva yoyote, na ndilo ningelitumia leo hii jioni. Tazama mbele ya intafesi yako kama kuna kitufe cha kusikiliza moja kwa moja. Nyingi huandika neno Direct au huweka kirungu chenye Input upande mmoja na Playback upande wa pili. Ukikiwasha, sauti ya maiki hupelekwa kwenye hedifoni ndani ya intafesi yenyewe kabla haijafika kwenye kompyuta, na kuchelewa kwake ni kudogo kiasi kwamba sikio haliwezi kukutambua. Kisha katika Reaper zima kitufe cha kusikiliza kilichoko kwenye traki ya sauti, la sivyo mwimbaji atajisikia mara mbili. Hasara yake ni kwamba ataisikia sauti yake kavu, bila mwangwi wa kanisa anaoupenda. Waimbaji wengi huzoea baada ya wimbo mmoja. Asiyezoea, mwache avue sikio moja la hedifoni, kama wafanyavyo wanakwaya wengi hata bila kuambiwa.

Mpiga kinanda anayetumia sauti zilizomo ndani ya kompyuta hawezi kusaidiwa na kitufe hicho, maana sauti yake huzaliwa ndani ya kompyuta, wala mpiga gitaa anayepitia plagini ya ampu, yaani programu ndogo inayoiga ampu ya gitaa. Hao ndio wanaohitaji ASIO na bafa ndogo. Anza na 128. Kama hakuna kukwaruza, jaribu 64. Kama kupo, panda hadi 256. Usishindane na mtu kwa udogo wa bafa, kwani kipande kizuri kilichoharibiwa na mkwaruzo mmoja hakirudi. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, pandisha hadi 1,024, kwa kuwa wakati huo hakuna anayejisikiliza na laptopu yako itapumua.

Ikiwa hata kwa 256 sauti inakwaruza ilhali kipimo cha kazi cha Reaper hakijafika mbali, usikimbilie kuilaumu prosesa. Mara nyingi kinachomsimamisha mchota maji njiani ni draiva ya kifaa kingine kabisa, na mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni Wi-Fi. Izime unaporekodi. Weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu, zuia Windows isiilaze milango ya USB, chomeka chaja, na uichomeke intafesi kwenye mlango wa laptopu wenyewe bila kupitia kigawanya milango. Programu ya bure iitwayo LatencyMon itakuonyesha kwa jina ni draiva ipi inayoshika zamu kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Jambo lingine la kuepuka ni kutumia vifaa viwili kwa wakati mmoja, kwa mfano maiki ya USB kwa kuingiza na intafesi kwa kusikiliza. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni, ambayo kwenye vifaa vya kawaida si kubwa, huzaa karibu sekunde 0.18 kwa saa. Wimbo mmoja unaweza kuponea, lakini katika ibada nzima ya Jumapili sauti unayorekodi itakuja kutengana na ile unayoisikiliza.

Baada ya kuweka draiva, pima, usiamini peke yake namba ya kuchelewa inayoandikwa juu ya dirisha la Reaper. Punguza sauti kabisa, vua hedifoni na zima kile kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kwa sababu utaunganisha tundu la kutoka na tundu la kuingia na mzunguko huo ukiwa wazi utapiga yowe la kuumiza masikio. Chukua waya wa jeki, chomeka upande mmoja kwenye tundu la kutoka namba moja na mwingine kwenye tundu la kuingia namba moja, lililowekwa kwenye laini na si kwenye gitaa. Weka kwenye traki ya kwanza mlio mmoja mfupi na mkali, kama tiki ya metronomu, kisha urekodi kwenye traki ya pili mlio huo unaporudi kupitia waya. Kuza picha ya mawimbi mpaka uone sampuli mojamoja. Ikiwa tiki ya pili imeanza pamoja na ya kwanza, draiva yako inasema kweli. Ikiwa imechelewa, tuseme kwa sampuli 312, hizo ni milisekunde 7 za kuburuta zitakazoingia katika kila kitu utakachorekodi. Fungua mapendeleo ya Reaper, sehemu ya kurekodi, acha alama kwenye mstari wa kutumia taarifa ya draiva, na uandike 312 kwenye kisanduku cha marekebisho ya mkono cha upande wa kuingia. Rudia kipimo, tiki zote mbili zitakaa kwenye mstari mmoja. Ukibadilisha bafa au kasi ya upimaji, pima tena.

Na zile nyimbo za gitaa zilizokwisha kurekodiwa, usizifute wala usimwite mpiga gitaa arudie. Rudisha kwa muda draiva na bafa uliyokuwa ukiitumia siku hizo, fanya kipimo hichohicho cha waya mara tatu, na uandike namba. Zikilingana, zisogeze traki zote za gitaa kuelekea mwanzo wa wimbo kwa idadi hiyo ya sampuli na zitaketi kwenye biti. Zisipolingana, jambo la kawaida kwa WaveOut, itabidi uzisogeze kipande kwa kipande: tafuta pigo la kwanza lililo wazi baada ya kila mahali uliposimamisha kurekodi, likutanishe na pigo la ngoma ambalo mpiga gitaa alilikusudia, na sehemu iliyobaki ya kipande hicho itafuata yenyewe.